Kofia ya Manjano ya Mama Akaiti

Mchungaji ameagiza kwamba katika wasifu hakuna "mimi". Basi mdogo wa marehemu, Ngavaine, ambaye ndiye anayesoma, atatajwa kwa jina kama watu wengine. Mvumilieni akijisahau.

Mama Akaiti Rongo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 hapa Omoka, kisiwani Tongareva, binti wa kwanza wa Papa Tamuera na Mama Tehina. Ngavaine alimfuata miaka mitatu baadaye, na tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na raha kamili. Akipewa mmoja samaki mwenye kichwa, mwingine hali.

Alisoma shule ya kijiji mpaka darasa la sita. Alijua kuimba, alijua Maandiko, na mwalimu alimpenda. Ngavaine hakupendwa na mwalimu, lakini vidole vyake vilijua kusuka. Mama yao alizoea kuziweka kofia za mabinti wake wawili mezani, bega kwa bega, akazitazama, kisha akanyamaza. Wote mnaomkumbuka Mama Tehina mnajua alivyokuwa akinyamaza.

Tarehe 5 Mei 1962 aliolewa na Tiaki Rongo, mzamiaji wa chaza, kijana ambaye Ngavaine ndiye aliyemwona kwanza. Hilo lilishasemwa sana jikoni na halitarudiwa hapa. Mungu aliwajalia watoto wanne. Marehemu alifundisha shule ya Jumapili miaka thelathini na minane, na wengi mliokaa hapa alishawafinya masikio.

Sasa tuje kwenye kofia, maana hata mngemsahau kwa yote mengine, kofia hamwezi kuisahau.

Mwaka 1971 kanisa letu lilipata paa jipya, na siku ya uzinduzi ikapangwa Jumapili tarehe 12 Septemba. Kila mwanamke alisuka kofia mpya ya rito, yale makuti machanga ya mnazi yanayochunwa utando, yakachemshwa, yakaanikwa juani mpaka yakawa meupe kama chumvi. Kwetu mwanamke haingii mbele za Mungu na kichwa kitupu, wala haingii na kofia ya ovyo. Akaiti ndiye aliyechaguliwa kuongoza wimbo wa kwanza. Angesimama mbele, peke yake, kofia yake ikitazamwa na kisiwa kizima. Ngavaine aliposikia, wivu ulimshika. Basi rito ya dada yake ilipokuwa jikoni ikichemka, aliingia na kipande cha mzizi wa nono, mzizi ule wa kutia rangi, akakitumbukiza sufuriani, akatoka.

Rito ikatoka manjano. Wiki mbili tu zilibaki, na makuti machanga ya kutosha hayakuwepo tena. Wanawake walimwonea huruma.

"Azima kofia ya mtu, Akaiti," walimwambia. "Utasimamaje mbele na rangi hiyo?"

"Rangi hii ndiyo niliyopewa," alijibu. "Nitaisuka, na nitamvalia Mungu hiyo hiyo."

Akaisuka, akasimama, akaimba. Katikati ya kofia nyeupe mia moja, macho yote yakawa kwake. Mchungaji wa wakati ule akahubiri juu ya mwanamke asiyeona haya kumjia Mungu alivyo. Ngavaine, ambaye kofia yake siku hiyo ilikuwa na ukingo mwembamba kuliko wote uliowahi kusukwa Tongareva, hakutazamwa na mtu hata mmoja. Roho ilimuuma, wacha tuseme kweli.

Tena haikuishia hapo. Kila mwaka marehemu alisuka kofia mpya, na kila mwaka aliitia mzizi wa nono kwa mkono wake mwenyewe. Wageni wakaja kumpiga picha. Wasichana wakamwomba awafundishe uchaji. Kwa miaka hamsini Ngavaine aliketi kiti cha nyuma yake, akiitazama ile manjano aliyoitengeneza mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2019 sukari ilimshika. Akapelekwa Rarotonga, kisiwa kikuu, kwa matibabu, akarudi na mguu mmoja na ulimi ule ule. Mwezi Machi mwaka huu, asubuhi moja barazani, alimwita mdogo wake.

"Vuta kiti. Nilikuona, wewe."

"Uliniona wapi, dada?"

"Jikoni. Na mzizi mkononi. Ulidhani mimi kipofu?"

Ngavaine alitamani ardhi impasukie. "Miaka yote hii umeninyamazia?"

"Ningesema nini, na mimi nilifurahi? Vidole vyako vilinizidi tangu utotoni. Wiki ile nzima nilikuwa naomba kofia yako iharibike, ili Mama asizilinganishe. Ikaharibika yangu. Nikaona, afadhali, ya manjano haiwekwi mezani na nyeupe. Halafu wakaniita mcha Mungu. Niliona aibu, mdogo wangu. Ndiyo maana niliendelea kuivaa. Kila Jumapili nilikuwa namwambia Mungu: ni yule mwenye kijicho, nimekuja tena."

"Hata toba umenitangulia," Ngavaine akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakalia.

Tangu siku hiyo Ngavaine alisukia kando ya kitanda, kofia nyeupe, ya kichwa cha dada yake. Marehemu aliikagua kila jioni.

"Ukingo huu umelegea."

"Haujalegea."

"Najua. Nilitaka tu kukuudhi."

Ilikamilika tarehe 30 Mei. Mama Akaiti aliaga dunia nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 3 Juni 2021, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Mumewe Tiaki na mwanawe Rua walimtangulia kwenda mbele za Bwana. Ameacha watoto watatu, Teina, Maria na Iotua. Wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wanne, na mdogo mmoja.

Kofia ya manjano mnayoiona leo kichwani mwa msomaji ni yake. Msiisifu, sasa mnajua inasema nini. Ile nyeupe amelala nayo. Ni bora kuliko zote ambazo Ngavaine amewahi kusuka, kila aliyepita kwenye jeneza amesimama kuitazama, na hata sasa, Mungu amsamehe, Ngavaine anamwonea dada yake wivu kidogo.

Lala kwa amani, dada yangu.