Kengele ya Waliotengwa

Asubuhi hiyo ya mwaka 1984 ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka hadi Karatu, na benchi la kando ya gereji lilikuwa limelowa; wazee walitandika magunia wakakaa. Kahawa ilikuwa chungu, maana sukari ya mgawo ilikuwa haijafika. Boazi, mzee wa kanisa na mgonga kengele, alikiinamia kikombe chake bila kunywa. Jirani yao Qamara alikuwa amefariki usiku, naye alikuwa ametengwa na kanisa kwa kuoa mke wa pili. Kanuni ilisema aliyetengwa hagongewi kengele.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Nikodemu, waliyemwita Mahakama tangu alipotoa ushahidi mahakamani Arusha.

— Guu gani? Qamara kafa na miguu yake yote, alijibu Kisioki, maarufu kwa jina la Redio. Mzee Boazi, gonga bwana!

— Mwaka jana sikumgongea Josephati, mwanangu wa kumzaa. Naye alikuwa ametengwa. Leo nikigonga, nitamwambia nini Benedicta, mama yake?

Lakini kijiwe ni kijiwe, utani haukukawia.

— Basi gonga nusu, Mahakama akahukumu. Kengele kwa ajili ya mke mkubwa, kimya kwa ajili ya mdogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Aa, wapi! Ivishe blanketi, mzee. Mungu atasikia, mchungaji hatasikia, Redio akadakia.

— Msimfanyie Mungu mzaha, Boazi alisema polepole. Kanuni ni kanuni, na mimi niliishika hata iliponichoma. Lakini kaburi la mwanangu tulichimba mimi na Qamara. Ninyi hamkuja; mlisema hamkusikia kengele.

Redio akatazama viatu vyake.

Ndipo akatokea Sara, mke mdogo wa marehemu, jembe begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Pole sana.

— Nyumbani hajafika mwanamume hata mmoja. Naomba kuuliza: kengele ikigongwa, anaitwa marehemu, au wanaitwa wachimbaji?



Boazi akasimama.

— Mzee, mchungaji atakutenga na wewe! Mahakama alimwonya.

— Na anitenge. Mpokeeni mama huyu jembe, mtangulie kuchimba. Mimi napita kwanza nyumbani, Benedicta asije akaisikia kengele kabla hajaniona.