Jawabu la Pili

Treni ilipoondoka, mshonaji aliyekaa dirishani alijifanya amelala, maana maneno ya watu husikika vizuri zaidi ukifumba macho. Mbele yake mama mmoja, mhadhiri wa hisabati, alikuwa akimweleza mwanamume waliyekutana naye humo humo behewani, mwalimu wa uhandisi wa chuo kingine, kwamba mwanafunzi wake wa uzamivu amehangaika miaka na swali moja, na juzi mtu wa ng'ambo amelichapishia jawabu.

"Mwache amalize kuandika," mhandisi alisema. "Sisi mto mmoja tunauwekea madaraja mawili, na yote yanapitika." Mama akatikisa kichwa. "Kwetu la pili halina mpitaji, kaka yangu." "Basi usimwambie leo, dada. Utamkata maini." "Akija kulisoma mwenyewe, atajua kuwa nilijua."

Mhandisi alikuna kidevu. Mshonaji, ambaye hesabu zilimtoa shuleni mapema, alijikuta upande wa mama, kisha wa mhandisi, kisha hajui.

Treni ikasimama. Mwanamke kijana alimkimbilia mama mlangoni, akampokea mkoba. "Mwalimu," alisema akihema, "lile swali letu, nadhani nimeipata njia."