Mama Takwimu na Majalada ya Chumba cha Nyuma

Ndugu waombolezaji, nilimwona marehemu mke wangu mara ya kwanza tarehe 3 Machi 1998, katika masijala ya mahakama ya rufaa, ninakotunza majalada. Aliniambia, "Kaka, nataka hukumu zote za miaka kumi." Nikamuuliza kama amekuja na lori. Akacheka mpaka akakaa chini. Tulifunga ndoa tarehe 12 Juni 1999.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma hadi chuo kikuu, akabobea katika takwimu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hakunifanya nijione mdogo hata siku moja.

Kwa miaka mingi alisoma hukumu moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta: nani alikata rufaa, kama alikuwa na wakili, majaji gani walikaa, nani alishinda. Hapo ndipo ilipoonekana namna majaji wanavyoamua. Dereva wa jaji alinitania, "Mkeo anajua bosi wangu ataamua nini kabla hajavaa joho!"

Mwaka 2015 alisoma ripoti yake ukumbini: katika kila rufaa kumi za wafungwa, nne zilishinda. Watu walipiga makofi. Mimi, kiti cha nyuma, nilijua hesabu haijatimia. Nilikuwa nimempelekea rufaa zilizosikilizwa tu. Zilizotupwa bila kusikilizwa, kwa kuchelewa au kukosa karatasi, zilikaa chumba cha nyuma. Sisi wa masijala hatukuziita hukumu. Ukizijumlisha, nne inashuka hadi mbili. Familia za wafungwa zilishikilia ile nne. Nilishindwa kusema pale ukumbini, nikashindwa hata mezani kwetu, miaka tisa.

Januari 2024 aligundulika na saratani ya ini. Tarehe 2 Mei, wodini, nilimweleza.

"Miaka tisa, baba watoto?"

"Niliogopa utaaibika."

"Ningeaibika wiki moja, nikasahihisha. Sasa nitasahihisha na nguvu gani?"

Alimwagiza binti yetu mkubwa aimalizie hesabu hiyo. Alifariki alfajiri ya tarehe 4 Mei.

Ameacha mama yake mzazi, mume, mabinti wawili na mjukuu mmoja. Mungu ampe pumziko ambalo kazi haikumpa.

Jioni ya mwisho alinishika mkono, akasema, "Zote safari hii, baba watoto. Tafuta lori."