Picha ya Mlima Kabla Mzee Hajaenda Tabora

Benchi letu pale Levolosi limeipa barabara mgongo. Mgeni akipita hudhani tumenuna. Ni kazi ya Mzee Aminieli, aliyeligonga misumari kwa mkono wake, akakataa katakata kuupa kisogo Mlima Meru, basi sote tumezoea kunywa kahawa huku bodaboda zikitupigia honi mgongoni. Kati ya duka la mikate na gesti ya ghorofa kuna uwazi, na katika uwazi huo mlima ukiamua kutoka unaenea wote. Ila ilikuwa Julai, na Julai ya Arusha mlima hauna habari na mtu. Wiki nzima tulitazama wingu, makoti yamefungwa hadi kooni. Jumamosi hiyo tukaukuta uko wazi, chini hadi kileleni, na Hans amekaa benchini na kamera mbili mapajani, hajui ashike ipi.

Hans ni mtoto wa Mzee Aminieli. Kazi yake ni kukata vioo vya madirisha. Picha anapiga kwa mapenzi tu, za ndege, za mawingu, za watoto wa watu. Nathanael wa Olasiti, anayepiga picha za harusi, alikuwa anauza moja kati ya kamera zake mbili, akampa zote azijaribu na kuchagua kabla ya mchana. Moja ilikuwa DSLR, ile yenye kioo ndani kinachoruka ukibonyeza. Ya pili mirrorless, hiyo kioo haina. Kijiweni tukaziita Ya Kioo na Isiyo Kioo, tukaelewana. Lenzi ndefu ilikuwa moja tu, ya Ya Kioo, na kuifunga kwenye Isiyo Kioo unatanguliza ringi ya kuunganishia.

Na haraka ilikuwepo. Mzee Aminieli alikuwa anahama asubuhi hiyohiyo, anaenda Tabora kwa binti yake Agnela. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake, na Agnela amesema baridi ya huku itamwondoa. Emmanuel, mume wa Agnela, alikuwa mjini kwenye semina. Angempitisha mzee benchini atuage, kisha safari. Mzee alikubali kwa sharti moja, aondoke na picha ya mlima kama unavyoonekana kutoka pale anapokaa yeye, mwisho wa benchi.

Mimi wananiita Redio, kwa sababu ya mdomo. Tulikuwa na Solomoni, fundi wa pampu, Mwarusha wa kule magharibi ya mlima, tunamwita Injinia. Hakiamini kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi. Na Elihuruma, dereva mstaafu wa watalii, tunamwita Safari, hoja zake zote zinaanzia mbugani. Kahawa ni ya Skolastika, na ukiwa na kikombe chake mkononi huruhusiwi kuondoka.

Skolastika: Hans, si upige tu hiyo picha kwa simu, mzee apate?

Hans: Ya simu anayo. Ameitazama akasema mlima umekuwa kichuguu.

Redio: Basi piga kwa kamera zote mbili.

Hans: Hapana, Redio. Picha ya baba haitapigwa na kamera ninayoirudisha. Nichague kwanza, halafu nipige.

Hapo ndipo alipokosea, maana ukimwambia Injinia neno kuchagua, umemfungulia bomba.

Injinia: Ero, kijana wangu, hili jambo dogo. Ukichungulia Ya Kioo unaona nini?

Hans: Mlima.

Injinia: Na hii nyingine?

Hans: Mlima vilevile.

Injinia: Hapana. Hiyo ni televisheni ndogo inayoonyesha mlima. Ya Kioo inakuletea mlima wenyewe, umegonga kioo, umeingia jichoni. Sasa mzee ameomba mlima au ameomba taarifa ya habari?

Safari: Injinia, wewe ukipandishwa ndege utauliza punda amefungwa wapi. Mimi nimeendesha watalii hadi nywele zikaisha. Zamani gari zima lilikuwa klaa, klaa, klaa, utasema watu wanashona sare za shule. Siku hizi wote wanapiga na husikii hata mbu. Wazungu wamehamia huku.

Injinia: Wazungu wanahama kila kitu. Hata sisi walituhama.

Safari: Nisikilize. Kule mbugani Seronera tulimkuta chui juu ya mti, amelala, mkia unaning'inia. Bibi mmoja akabonyeza Ya Kioo yake, klaa. Chui akafungua jicho moja, akashuka, akaenda zake. Yule bibi alilia hadi loji.

Skolastika: Na mlima ukisikia klaa utashuka uende wapi? Njiro?

Tulicheka, hata Hans, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. Lenzi ilikuwa imefungwa kwenye Isiyo Kioo wakati huo. Injinia akataka tuchungulie nyingine ili tuone ukweli, kwa hiyo Hans akafungua lenzi, akatoa ringi, akapuliza vumbi, akafunga upande wa pili. Tukachungulia mmoja mmoja, kila mtu akapata maoni yaleyale aliyokuwa nayo kabla hajachungulia.

Injinia: Tena kuna suala la heshima. Hans, wewe unakula kwa kioo. Watoto wako wamesoma kwa kioo. Leo unatembea mjini na kamera isiyo na kioo, wateja watafikiria nini?

Hans: Watafikiria nimepumzika.

Injinia: Watafikiria umekikana.

Skolastika: Mimi naongea kama mama aliyepeleka watoto kipaimara. Kamera kubwa inatembea na adabu yake. Mpiga picha wetu alikuja na ile nzito, lenzi kama chupa ya chai. Watu wakampisha, mchungaji akasubiri na mkono wake hewani mpaka jamaa akamaliza. Mwaka uliofuata akaja mwingine na kadogo kama hako. Mzee wa kanisa akamwambia kijana, ondoka mbele, waumini hawaoni.

Safari: Kadogo kanaingia chini ya koti. Pita na hiyo kubwa soko la Kilombero, utarudi na mkanda peke yake.

Redio: Ila kadogo kanakula betri. Hiyo televisheni yake inawaka muda wote, hata ukiwa unafikiria. Na baridi kama hii ndiyo inaimaliza kabisa.

Safari: Kwani Hans anapiga picha akifikiria? Unafikiria nyumbani, ukija unapiga.

Hans: Mzee Safari, mimi ndiyo nafikiria hapa hapa.

Kiwingu kimoja kilikuwa kimekuja kukaa begani pa mlima, cheupe, hakina ubaya wowote. Nilikiona. Nilitaka kusema, lakini Skolastika alikuwa ananiongeza kahawa, na kashata ilikuwa ya moto.

Aliyekitaja ni Hans.

Hans: Jamani, wingu linakuja. Nipeni neno moja. Ya Kioo au Isiyo Kioo?

Injinia: Ya Kioo.

Safari: Isiyo Kioo.

Skolastika: Mimi nilikuwa Ya Kioo, lakini ni nzito, na mkono wa Hans unauma tangu ile ladha imdondokee. Sasa sijui.

Skolastika anaita ladha kipande chochote cha kioo. Hatujawahi kumwuliza kwa nini.

Hans akazima kamera, akaiweka mapajani. Aliongea taratibu, akiutazama mwisho wa benchi uliokuwa mtupu.

Hans: Mimi sijalala. Najua Tabora atatunzwa, Agnela ana moyo kuliko mimi. Lakini kila asubuhi napita hapa kwenda kazini namwona mgongo tu, na koti lile la kijani, na siku yangu inaanza vizuri. Kuanzia kesho nitaona nini? Nataka angalau yeye awe na kitu cha kutazama kule. Kwa hiyo sitaki kukosea.

Tulikuwa tumeongea kamera asubuhi nzima ili tusiongee hilo, na sasa mtoto wa watu ameliweka mezani. Nilisikia uchungu, sifichi. Injinia alikohoa, akachukua lenzi kutoka kwenye Ya Kioo na kuanza kuifuta kwa upindo wa shati. Injinia akiguswa lazima ashike kifaa.

Injinia: Ndiyo maana nasema Ya Kioo. Lile wingu unaliona? Limeanza ulipowasha ile televisheni. Televisheni inavuta unyevu. Nenda nyumba yenye televisheni kubwa ukutani, nyuma yake utakuta ukungu.

Safari: Wingu limekuja kwa klaa yako. Mlima huo ni mzee, hapendi kupigiwa kelele asubuhi. Mbona kabla hujambonyezea alikuwa wazi?

Injinia: Nilibonyeza mara moja tu, kabla hatujachungulia, na hata lenzi ilikuwa na kifuniko.

Safari: Mara moja inatosha. Chui naye ilikuwa mara moja.

Injinia: Nami nakwambia, Terrat kule wanakosa mvua kwa nini? Hawana televisheni za kutosha.

Redio: Injinia, Terrat wanazo.

Injinia: Ndogo.

Safari: Basi tuwapelekee Ya Kioo wakapige klaa malishoni, mvua ijae na ng'ombe wanenepe. Tutakuwa tumemaliza kazi ya wizara.

Skolastika aliweka birika chini kwa nguvu.

Skolastika: Nyamazeni nyote. Hans, piga. Na hiyo hiyo, na yoyote, piga tu.

Hans: Lenzi iko wapi?

Injinia alikuwa nayo, ameipuliza, ameifuta, ameielekeza kwenye mwanga kuona kama kuna alama ya kidole. Alimpa haraka. Hans akashika Ya Kioo. Safari akamnyooshea Isiyo Kioo. Hans akaduwaa, moja mkono huu, moja mkono ule, lenzi kaibana kwapani. Akaweka Ya Kioo chini, akatafuta ringi. Ringi ilikuwa kwenye sahani ya kashata. Akaipangusa sukari, akaifunga, akafunga na lenzi, akainua kamera jichoni.

Akabaki ameinua.

Hans: Naona duka la mikate.

Tukatazama sote. Kati ya duka na gesti palikuwa peupe, wingu moja zito kama blanketi la hospitali, na hata miti ya chini ilikuwa imefunikwa.

Nyuma yetu gari likasimama. Akashuka kijana mnene mwenye sweta jipya, akatuzunguka akaja mbele, akainama kidogo kwa heshima.

Emmanuel: Shikamooni wazee.

Safari: Marahaba, mkwe.

Emmanuel: Mimi ndiye Emmanuel wa Agnela. Siku zote nikija huku ni usiku na kuondoka ni alfajiri, sijawahi kuuona huo mlima. Mzee amenisimulia tangu asubuhi, nikasema leo lazima niushuhudie.

Akageuka, akatazama pale benchi linapotazama. Akatazama na upande wa pili pia.

Emmanuel: Uko wapi?

Safari akaangalia kikombe chake. Injinia akaangalia viatu. Hans alikuwa bado na kamera jichoni, nadhani alikuwa anaficha uso. Mimi Redio, ambaye mke wangu anasema nitaongea hata jenezani, nikaanza kuhesabu kashata.

Mzee Aminieli akaja polepole, na koti lake la kijani na kofia ya sufu. Tukampisha bila kuambiwa. Akakaa mwisho wa benchi, akaweka fimbo katikati ya magoti, akalitazama wingu kwa muda mrefu, kutoka kushoto hadi kulia, kama mtu anayekagua shamba.

Mzee Aminieli: Mmepata picha?

Hans: Baba, nisamehe. Tulikuwa tunachagua kamera.

Mzee Aminieli: Mkachagua ipi?

Hans: Bado.

Mzee akanyoosha mkono, na Skolastika akampa kikombe chake, kile chenye ufa, alichokuwa amekitenga tangu asubuhi. Akanywa kidogo. Emmanuel akatazama saa.

Emmanuel: Baba, tukichelewa giza litatukuta njiani. Picha Hans atatutumia siku mlima ukitoka.

Mzee Aminieli: Sharti langu halikuwa kutumiwa, mwanangu. Sharti lilikuwa niondoke nayo.

Emmanuel: Na mlima unatoka lini?

Mzee Aminieli: Julai hii? Hauna ratiba. Agosti nao una mawingu. Septemba huwa ni vumbi, picha haitapendeza. Wewe nenda salama, una kazi. Mwambie Agnela nimekula, nimevaa koti, na nausubiri mlima.

Ndipo nikaelewa, na nilimwona Hans naye anaelewa, kamera ikashuka jichoni taratibu. Mzee aliyezaliwa chini ya mlima huu, anayejua tabia yake kuliko ya wanawe, alikaa akafikiri, akachagua sharti hilo, katika mwezi huo. Emmanuel naye si mjinga. Alitazama benchi, akatutazama sisi, akacheka kidogo, akaomba kahawa.

Hans alikaa karibu na baba yake, bega kwa bega, zile kamera zote mbili mapajani.

Hans: Baba, Nathanael anataka jibu kabla ya mchana.

Mzee Aminieli: Mrudishie zote, umwambie unaendelea kufikiria. Kamera ni kitu cha kukaa nacho miaka, usikurupuke. Injinia, hebu nieleze vizuri, hicho kioo kinafanya kazi gani?