Bwana Mwirigi na Senti Zilizoliwa na Maji

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 1998, Bwana Josphat Mwirigi anakabidhi ufunguo wa bwawa la samaki baada ya kuitumikia hoteli yetu ya hapa Naro Moru kwa miaka ishirini na saba. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu, kwa maneno ya meneja, mimi mpishi ndiye niliyegombana naye zaidi. Ni kweli. Yeye alifuga samaki, mimi nikawapika, na hajanisamehe kabisa hadi leo.

Alikuja kutoka Meru mwaka 1971 akiwa kijana wa kukata nyasi. Wakati huo bwawa lilikuwa shimo la matope nyuma ya jiko. Alilichimba upya, akalijengea ukuta wa mawe, akalivutia maji baridi ya mlimani kwa mfereji na kuweka vifaranga vya trauti. Kila asubuhi aliwasalimia samaki wake kabla ya kutusalimia sisi. Nikienda na wavu kumtafutia mgeni chakula, yeye ndiye aliyeamua nani avuliwe na nani aachwe, na walioachwa daima walikuwa wale wanono.

Desturi ya sarafu pia ni yake. Siku moja mgeni mmoja alikuwa anaondoka kwa huzuni, na Bwana Mwirigi akamwambia kwamba anayetupa bwawani sarafu ya kwao lazima arudi kuuona mlima. Aliitunga papo hapo, kwa huruma tu. Haikuchukua muda mrefu waongozaji wa wapandaji mlima wakawa wanaisimulia kama mila ya mababu, ingawa ni changa kuliko jiko langu la gesi. Wamarekani ndio walioipenda zaidi, na senti zao nyekundu zilijaa chini ya maji. Bwana Mwirigi alijivunia kila moja.

Kisha kikaja kiangazi cha mwaka jana. Mfereji ulibaki na maji kidogo mno, na samaki wakaanza kufa. Walipanda juu wakihema, wakageuka matumbo juu. Bwana Mwirigi hakula vizuri siku hizo, najua kwa sababu sahani zake zilirudi kwangu. Juu ya mfereji kuna shamba la jirani yetu Mama Waithira, ambaye hunyunyizia kabichi zake dawa. Bwana Mwirigi hakutafuta sababu nyingine. Alikwenda kwenye baraza la chifu, akasema mbele ya majirani wote kwamba mama huyo anatia sumu majini. Mama alikana. Chifu akamkataza kunyunyizia dawa mpaka mambo yajulikane, na sisi wa hoteli tukaona haki imetendeka. Viwavi wakazila kabichi za Mama Waithira shamba zima.

Samaki waliendelea kufa.

Hapo ndipo Bwana Mwirigi alipolifungulia bwawa maji yote yatoke, alisugue. Chini alikuta senti za Marekani zimevimba malengelenge. Nyingine zilikuwa na mashimo yanayotoa ute mweupe kama unga uliolowa, na baadhi zilibaki ganda jembamba tu lililovunjika vidoleni. Shilingi zetu zilikuwa nzima. Akadhani wageni walikuwa wakitupa pesa bandia, akabeba konzi moja hadi Nyeri mjini kwa Bwana Natu, fundi anayepaka madini mabomba na vikombe vya mashindano ili ving'ae.

Bwana Natu alipiga tupa ukingo wa senti moja, na ndani ikawa ya kijivu. Alimweleza kwamba hizo ni pesa halali, ila shaba ni ya juu tu, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ndani ni zinki, madini yale yale ya kopo la betri ya tochi. Pale shaba isiposhika vizuri, au ikikwaruzwa na jiwe, maji hupenya na kuila zinki kwa kasi, na zinki hiyo haipotei, inaingia majini. Anaijua hasara yake, kwani maji ya karakana yake yaliwahi kuwaua samaki wa mapambo wa mkewe Sushila. Mfereji ulipokuwa umejaa, maji yaliisomba. Kiangazi kilipoingia, ikabaki na samaki.

Wenzangu, hapa mtu angeweza kunyamaza. Angeokota senti zake polepole, samaki wangepona, na kijiji kizima kingeendelea kuamini kuwa ni dawa ya Mama Waithira. Bwana Mwirigi ni mtu wa majivuno, tusidanganyane, na desturi ile ilikuwa fahari yake kubwa. Lakini alimwomba chifu aitishe baraza tena, akasimama pale pale aliposimama mara ya kwanza, senti zilizooza zikiwa mkononi.

"Hiyo sumu ilikuwa yangu," alisema. "Ni mimi nilifundisha watu kutupa hizi senti. Huyu mama hakuna kitu alifanya."

Mama Waithira alichukua senti moja akaitazama. Kisha akamwambia, "Sawa. Sasa kuja unisaidie kung'oa hizo kabichi." Alikwenda, akang'oa na kupanda nyingine, na tangu hapo kabichi za jikoni kwetu zinatoka kwa Mama Waithira.

Siku hizi wageni hutupa jiwe la mtoni. Bwana Mwirigi hulalamika kwamba analazimika kuyatoa mawe hayo kwa toroli, lakini samaki ni wazima na wanono, na leo, kwa heshima yake, nimepika kuku.

Nilimuuliza kwa nini yeye hajawahi kutupa chochote miaka yote hii. Alinishangaa. "Mtu hutupa akienda," alisema. "Mimi nilikuwa naenda wapi?"

Bwana Mwirigi, asante kwa kila samaki, hata wale ulionificha. Uwe na afya na mvua za kutosha huko Meru. Tukishakula, tafadhali pitia bwawani kabla ya kupanda gari. Juu ya ukuta kuna jiwe ambalo Mama Waithira ameliokota shambani kwake na kulileta asubuhi. Sote tutakuwa pale tukikutazama.

Watiri, jikoni