Mlango wa Serikali Tatu

Mgeni rasmi, umetukuta tumepanda juu ya viti tukifunga pazia la chumba cha kujifungulia, na mwenzetu mmoja bado ana pini mdomoni. Utuwie radhi. Ndani kuna mama aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi, na mtoto hasubiri itifaki. Karibu sana. Ukisikia sauti, usishtuke, ndiyo kazi yetu.

Tulikotoka

Zamani kila kitu cha kituo hiki kiliamuliwa makao makuu. Hata ufagio tuliuombea huko, na ulipofika tulikuwa tumeshazoea kufagia kwa matawi. Madaraka yalipogawanywa tulishangilia, na mpaka leo tunashangilia. Sasa maji yakikatika tunamfuata diwani nyumbani kwake, naye hawezi kutukwepa, maana watoto wake wote tumewapokea sisi. Dawa zinatoka jimboni kabla zile za mwanzo hazijaisha. Jengo hili jipya ni la serikali kuu, na halivuji.

Changamoto

Ni moja, nayo imeegemea ukuta nyuma yako. Ni mlango wa chumba hiki cha kujifungulia.

Serikali kuu ilijenga ukuta na kuweka fremu. Jimbo, kwa kutujali, lilipima kitanda cha wagonjwa, likaleta mlango ambao kitanda kitapita bila kugusa popote. Mji ukaleta kitasa. Kila mmoja alitimiza sehemu yake kwa nia njema, na mlango ukaizidi fremu kwa upana wa vidole vinne.

Fundi seremala alikuja na randa yake.

"Nipunguze mlango?"

"Thubutu!" alisema bwana stoo wa jimbo. "Hiyo ni mali ya jimbo."

"Basi nitanue fremu."

"Hiyo ya serikali kuu, usiiguse kabisa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kitasa ni cha mji. Funga kitasa."

"Nikifunge wapi, mzee wangu, kwenye shati lako?"

Tulicheka mpaka mama mmoja akatukemea kutoka kitandani: "Dada zangu, chekeni baadaye!"

Lakini wiki iliyopita alikuja binti mwenye uchungu wa mimba ya kwanza, pamoja na mama mkwe wake. Binti aliliangalia pazia, akawaangalia wanaume waliopanga foleni ya dawa upande wa pili, akasema, "Hapa? Mbele za watu? Bora nikazalie nyumbani." Akaondoka. Tulimfuata kwa miguu na begi la vifaa, tukamzalisha salama. Tulimuwahi kwa sababu anakaa karibu. Wanaokaa mbali hatutawawahi.

Maombi

Hatuombi mlango mwingine. Wala hatuombi mambo yarudishwe makao makuu. Tunaomba ngazi hizi tatu, ambazo leo zote ziko hapa zikinywa chai kwenye meza moja, zimwambie fundi kwa pamoja: piga randa. Na siku nyingine, jambo la vidole vinne liachiwe walio karibu nalo.

Fundi yupo pale, ameshachora mstari kwa penseli. Leo hataanza, kelele zitamsumbua mama aliye ndani. Ataanza kesho asubuhi, ikiwa utatuachia neno kabla hujapanda gari.

Mungu akufikishe salama, aibariki nyumba yako, na wanao wote wazaliwe na kuzaa kwa heshima na faragha.

Ni sisi,
Wakunga wa zamu zote wa kituo hiki.