Bi Kwani, Aliyetaka Kujua Maji Yanakwenda Wapi

Ndugu, jamaa na majirani wa mlimani na wa bondeni, asanteni kwa kuja kumsindikiza mpendwa wetu. Jina lake la nyumbani mnalijua wote: Bi Kwani. Alilipata angali mdogo, kwa kuwa ukimwambia jambo lolote alianza na "Kwani...?", na ukimjibu, basi umejitafutia swali la pili.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya mawe iliyo juu kabisa ya mtaa, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama mtia rangi vitambaa na baba mwashi. Nyuma ya nyumba hiyo kuna kinamasi: matete, tope, na vyura wasiojua adabu. Maji ya mvua ya mtaa mzima hukusanyika humo, kisha hupotea taratibu chini ya ukuta wa mawe. Yanapotelea wapi? Baba alisema ardhini, mama akasema mtoni. Mtoto hakuridhika na yeyote.

Alisoma shule ya msingi ya hapo mtaani, 1958 hadi 1965. Mwalimu wa jiografia aliwahi kumtoa nje kwa maswali, naye akatoka akifurahi, maana huko nje ndiko kulikokuwa na mtaro. Baada ya shule alijifunza kazi ya mama yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Siku moja mwaka 1974, mvua zikiwa zimekolea, alimimina pipa zima la rangi ya zambarau pale maji yanapozamia. Alikuwa na hakika itatokea mtoni, akaenda kuisubiri darajani. Wapi! Mto ulipita na tope lake lile lile. Alirudi nyumbani kanuna, na alasiri akasikia hodi. Mlangoni alisimama kijana dobi kutoka bondeni, mkononi ana shuka la hospitali, zambarau tupu.

"Dada, nauliza kwa heshima tu. Rangi hii ni ya nani?"

Bi Kwani, mikono yake zambarau hadi viwikoni, hakukana wala hakuomba radhi. Alipiga makofi kwa furaha. "Kumbe yanatokea kwako! Yalifika saa ngapi?"

Dobi mwenyewe husimulia kwamba alikuja kugomba, akaondoka ameshafanywa shahidi. Kesho yake alirudi na jibu. Keshokutwa hakuwa na jibu lolote, alirudi tu. Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976. Mashuka, kama kuna anayejiuliza, bibi harusi aliyafua mwenyewe mpaka yakatakata, na tangu hapo hakumwaga tena rangi kwenye kinamasi. Alichimba shimo la mabaki ya rangi upande wa pili wa nyumba, akalijengea na mfuniko.

Tangu ndoa yake aliishi bondeni na kufanya kazi mlimani. Asubuhi alikuwa mtu wa juu, jioni mtu wa chini, na pande zote mbili alikuwa na la kuuliza.

Mwaka 2009 halmashauri iliruhusu kinamasi kijazwe kifusi ili pawe yadi ya malori. Alisimama mkutanoni: "Kwani maji yenyewe mmeyaambia yahamie wapi?" Watu wakaangua kicheko, na kibali kikapita. Majirani wa kulia na kushoto waliuza, na vipande vyao vikajazwa. Katikati kilibaki kipande walichorithi yeye na kaka yake, fundi mwashi, na kaka alitaka kuuza ili awajengee wanawe.

"Unamtetea dobi wako," kaka alimwambia. "Damu nzito kuliko maji."

"Kwani walio bondeni wana nini mishipani?"

Hapo wakanuniana. Tusifichane, familia iliteseka. Salamu zilipitia kwa watoto, na kila mmoja alikuwa mkaidi kuliko mwenzake.

Mvua za 2011 zilishuka bondeni bila kizuizi zaidi ya kile kipande kimoja. Ukuta wa dobi ulianguka. Akaja kuujenga nani? Kaka huyo huyo, na mwiko wake. Alijenga kutwa nzima. Alipoletewa chakula, akamwambia mpwa wake: "Mwambie aliyepika, chumvi imezidi."

Jibu likatoka jikoni: "Na wewe mwambie aliyejenga, ukuta umepinda!"

Walicheka wote wawili, na maongezi yakarudi. Ila habari ya kuuza, kaka hakubadili kauli.

Moyo wa Bi Kwani ulianza kumsumbua mwaka 2022. Hata wodini aliwauliza wauguzi maji ya bomba yanatoka mlima gani. Wiki yake ya mwisho alimshika kaka yake mkono: "Kaka, nikiondoka, utajaza?" Kaka aliangalia dirishani, akauliza kama dawa ameshakunywa. Swali hili halikuwa la kumwagia rangi ukasubiri bondeni. Lilitaka kinywa cha mtu mmoja. Bi Kwani alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, wakwe, na kaka yake. Huyo kaka, jana mchana, aliingia kwenye kinamasi na viatu vyake vya msibani, akang'oa vigingi vya mpaka alivyokwisha kuchomeka mnunuzi wa yadi ya malori, akaja kuvitupa uani mbele ya waombolezaji wote. Alilia wazi, mzee mzima. Akatuambia: "Mdogo wangu aliniuliza nikanyamaza. Andikeni. Someni kwa sauti, na watoto wangu wasikie: hapajazwi."

Tumeandika. Tumesoma.

Pumzika sasa, Bi Kwani. Umejibiwa.